Disketi ya Pili

Binti yangu ana kompyuta ya kubeba kwapani. Juzi alikuwa akiibonyeza sebuleni kwangu huku akinieleza kwamba ndani yake kuna vitu vya ziada: ukivitaka unavichagua, vinaongezeka, usipovitaka unaviacha. "Si lazima, mama," akaniambia. "Ni hiari yako." Nilimwambia aiondoe hiyo mashine mbele yangu. Alishangaa, maskini, kwa sababu hakuwa amenikosea kitu. Lakini maneno hayo, si lazima, niliwahi kuambiwa mwaka ambao mama yangu alikuwa akitembea kilomita tisa kufuata maji, na mpaka leo nikiyasikia damu inanichemka.

Nitaeleza, maana nimechoka kukasirika peke yangu.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Ujamaa. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na msako wa wahujumu uchumi ulikuwa bado haujapoa. Mimi nilikuwa karani mpiga chapa katika ofisi ya mradi wa maji pale Kibaha. Ofisi hiyo ilishakufa na jina lake sitalitaja. Nilipanga chumba Tangini, na kila asubuhi nilikwenda kazini kwa miguu kupitia Maili Moja. Maji ya Ruvu yalikuwa yanapita ndani ya bomba kubwa kwenda Dar es Salaam, yanatupita sisi watu wa mradi wa maji, na chooni kwetu ofisini kulikuwa na ndoo na kopo.

Mama yangu alikuwa Kisarawe ya ndani, katika kijiji kilichozaliwa kwa amri. Zamani wazee wetu walikaa bondeni, kila ukoo na kisima chake. Siku ya kuhamishwa wakapandishwa juu mlimani, mahali palipofaa kupanga nyumba kwa mistari. Waliambiwa shule itakuja, zahanati itakuja, maji yatakuja. Shule ilikuja. Visima vya bondeni vilifukiwa na mchanga kwa kukosa wa kuvisafisha, na kiangazi wanawake wakawa wanaondoka alfajiri na kurudi jua limesimama utosini.

Kisha wafadhili wakaja na pampu za mkono arobaini. Vijiji vilivyoomba vilikuwa zaidi ya sitini. Wakataka orodha yenye jina la kijiji, idadi ya kaya, na umbali wa kufuata maji. Na ili orodha hiyo isichezewe, wakaleta kompyuta.

Siku zile kompyuta haikuwa kitu cha kuingizwa nchini hivi hivi, ilikuwa na vibali vyake. Yetu iliwekwa kwenye chumba chenye kufuli na feni, na mlangoni tulivua viatu kama tunaingia msikitini. Mtaalamu wa kizungu alikaa nayo siku tatu. Alikuja na disketi mbili, zile pana nyeusi zinazopinda ukizishika vibaya. Ya kwanza aliinakili ndani ya mashine, na hiyo ndiyo iliyoifanya iwake, iandike, itunze na kuchapa karatasi. Siku hizi wanaiita mfumo endeshi. Ya pili ilikuwa na nyongeza za mfumo huo huo. Hakuiweka. Alisema mashine ina nafasi ndogo, na nyongeza si lazima, tutaongeza siku tutakapozihitaji. Akaitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na barua ya maelezo, akaikabidhi ofisi, akapanda gari lake.

Niliachiwa mimi niandike orodha, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyepesi. Niliandika vijiji kwa mpangilio wa mafaili yalivyofika. Ndivyo nilivyofundishwa: kilichotangulia kufika kinatangulia kuandikwa. Na mafaili gani yalitangulia? Ya vijiji vilivyo kando ya barabara, ambako hata basi la kupeleka barua linafika. Kijiji kimoja cha karibu na mto, umbali wa kilomita moja, kilikuwa cha pili. Faili la kwa mama lilikuja mwisho kabisa, limeloana, limebebwa na mtu wa baiskeli. Likaingia la sitini na moja.

Nilipoona namba hiyo sikulala vizuri, nikaanza kusoma kitabu cha maelekezo cha ile mashine. Kilikuwa cha Kiingereza, kurasa nyingi, na hakuna mtu mwingine ofisini aliyekuwa amekifungua. Sura za nyuma zilihusu nyongeza za disketi ya pili. Moja ya nyongeza hizo kazi yake ilikuwa kupanga mistari. Unaiambia ianzie kuangalia herufi ya ngapi katika kila mstari, nayo inapanga yote, kuanzia dogo kwenda kubwa au kubwa kwenda dogo, upendavyo. Ni neno moja na alama mbili tatu mbele yake. Nilisoma ukurasa ule mara nyingi sana. Umbali wa maji nilikuwa nimeuandika kwenye kila mstari mahali pale pale. Kulikuwa na kijiji kimoja cha kilomita kumi, kwa hiyo nikarudia orodha nzima nikaongeza sifuri mbele ya tarakimu moja moja, tisa ikawa sifuri tisa, ili mashine isije ikadhani tisa ni kubwa kuliko kumi. Hakuna aliyenituma. Kilichobaki ilikuwa disketi.

Mwisho wa mwezi nilikwenda kumwona mama. Wanawake wa kijiji walikuwa wameshachagua mahali pa pampu. Walikuwa wamefyeka, wamefagia, wamezungusha mawe kama wafanyavyo kwenye kaburi la mtu mkubwa. "Mwanangu ndiye anayeandika," mama alikuwa amewaambia. Wakanipa korosho kwenye kanga. Mimi nikazipokea, na huko nyuma siwezi kurudi kuzirudisha.

Mtunza stoo wetu alikuwa mzee mwenye adabu, mwenye leja safi kuliko zote nilizowahi kuziona. Kwake hupewi kalamu mpya mpaka urudishe iliyokwisha wino, na hupewi ufagio mpaka ulete kigutu cha ule wa zamani. Kwa upungufu wa watu alikuwa pia ndiye masjala, mtunza mafaili. Chumba kilikuwa kimoja, meza mbili.

"Shikamoo mzee. Naomba disketi ya pili ya kompyuta."

"Marahaba binti." Akafungua leja, akapitisha kidole. "Kompyuta moja. Mashine ya kuchapa moja. Disketi, moja. Hiyo ya pili hapa haipo."

"Ilikabidhiwa baadaye, kwenye bahasha, pamoja na barua."

"Barua ni masjala."

Akafunga leja, akasimama, akazunguka akakaa kwenye meza ya pili. Akavaa miwani nyingine.

"Ehe, nakusikiliza."

Ningecheka kama ingekuwa nyumba ya mtu mwingine inayoungua. Nilirudia ombi langu neno kwa neno. Akanijibu kwamba faili halitoki masjala bila dokezo la mkuu wa ofisi. Halafu akashusha sauti, akanieleza kwa nini disketi ile haikuandikwa kwenye leja. Hati za mzigo zilisema moja. Ya pili ingekuwa ziada, na mwaka ule ziada ilikuwa neno la kumfunga mtu. Mtunza stoo mwenzake wa ofisi jirani alikutwa na katoni mbili za sabuni zisizo na hati, akachukuliwa mbele ya watoto wake. "Kwa hiyo mimi sikuipokea kama mali," akasema. "Niliipokea kama kiambatanisho cha barua. Sheria ni msumeno, binti, inakata mbele na nyuma."

Nilimwelewa. Hilo ndilo linalonikera zaidi kuliko yote, kwamba nilimwelewa.

Mkuu wa ofisi alikuwa Dar kwenye semina siku tano. Mhandisi wa wafadhili alikuwa anakuja Ijumaa kuchukua orodha. Mkuu alirudi Jumanne.

"Ndugu mkuu, naomba dokezo la kutoa disketi ya pili."

"Ni ya lazima?"

"Ina nyongeza ya kupanga orodha kwa umbali."

"Nimekuuliza, mtaalamu alisema ni ya lazima?"

"Alisema tutaongeza tukihitaji."

"Basi si lazima." Aliendelea kusaini karatasi zake. "Ndugu yangu, nchi hii vya lazima tu vimetushinda. Zahanati hazina dawa. Wewe unaniletea mambo ya hiari."

Nilimwambia, basi nitaipanga kwa mkono, kazi ya asubuhi moja. Hapo akaweka kalamu chini.

"Mama yako anakaa kijiji gani?"

Nikamtajia.

"Kwenye orodha ni cha ngapi sasa hivi?"

"Cha sitini na moja."

"Na ukipanga wewe?"

"Cha tatu."

Akasukuma karatasi zake pembeni. "Cha tatu. Kwa mkono wako. Halafu mtu aandike barua kwa mkuu wa mkoa kwamba karani wa mradi wa maji amempa mama yake pampu. Unataka tufungwe?"

"Umbali ni kilomita tisa, mkuu. Ulipimwa na kuandikwa na bwana maji wa wilaya, si mimi."

"Najua. Lakini mkono ni wako." Akafikiri. Mtu huyu hakuwa mbaya, alikuwa na hofu, na hofu ilikuwa imempa akili ya namna yake. "Mashine ingeipanga yenyewe, sawa. Mashine haina mama."

Akavuta karatasi akaandika dokezo. Nilitoka mle ndani nikicheka peke yangu, mpumbavu mimi.

Jumatano asubuhi nilikabidhi dokezo masjala. Mzee alilisoma mara mbili, akalipiga muhuri, akafungua kabati. Faili alinipa kwa mikono miwili. Alikuwa anajivunia, na naapa alikuwa na haki ya kujivunia, maana katika ofisi ile karatasi zilikuwa zikipotea kila siku na yeye hakuwahi kupoteza hata moja.

"Folio ya kumi na nne," akasema.

Nikafungua. Folio ya kumi na tatu, yaani karatasi ya kumi na tatu ya faili, ilikuwa barua ya mtaalamu. Ya kumi na nne ilikuwa disketi. Ilikuwa nje ya bahasha yake, imetobolewa matundu mawili kwa kile kifaa cha kutobolea karatasi, na uzi wa kijani wa faili umepita katikati yake na kufungwa vizuri. Kwenye kona ya juu kulia ilikuwa imeandikwa kumi na nne kwa kalamu nyekundu na kuzungushiwa duara.

Nilisimama nimeshika faili, nikaona tundu moja limepita kwenye ganda tu, na la pili limekata ukingo wa sahani yenyewe iliyo ndani. Baadaye nilikuja kujua kwamba pale ukingoni ndipo mashine inapoanzia kusoma.

"Mzee," nikasema, "umeitoboa."

"Kiambatanisho hakikai ndani ya faili bila kutobolewa. Kitadondoka kipotee."

"Hii ilikuwa haitobolewi."

"Imeandikwa wapi?"

Ilikuwa imeandikwa kwenye bahasha yake ya kiwandani, kwa Kiingereza na kwa picha: usipinde, usishike, usiweke karibu na sumaku. Nilipomwonyesha bahasha, iliyokuwa imehifadhiwa nayo kama folio ya kumi na tano, aliisoma kwa makini, akavua miwani, akasema kwa upole kabisa, "Hakuna palipoandikwa usitoboe." Na ni kweli, hapakuwapo. Watu walioichora picha ile hawakufikiria kwamba kuna mahali duniani ambapo kitu hakihesabiki kuwa salama mpaka kitobolewe.

Nilivua viatu nikaingia nayo kwenye chumba cha mashine. Niliitia hivyo hivyo na matundu yake. Ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Kwenye kioo ikatokea sentensi ya kwamba haisomeki, na mashine ikaniuliza niache, nijaribu tena, au nipuuze. Nilijaribu tena. Nilijaribu mpaka kidole kikauma, na kila mara iliniuliza maneno yale yale kwa heshima ile ile. Feni ilikuwa inazunguka juu yangu. Nilitamani kuitupa dirishani mashine yote na kitabu chake.

Nilirudi kwa mkuu. Nilimweleza. Nikamwomba watu watatu, yeye, mtunza stoo na bwana maji, wakae wanitazame nikipanga kwa mkono mbele ya macho yao, tusaini wote wanne. Alisikiliza. Alitazama disketi, akapitisha kidole kwenye tundu.

"Hapana," akasema. "Saini nyingi zinaonyesha kuna jambo. Iende kama mashine ilivyoiandika."

"Mashine haikuiandika, mkuu. Niliiandika mimi."

"Iende. Na hao wa mbali wangewahisha mafaili yao. Asiyekuwepo na lake halipo."

Wawahishe, na mafaili yao yanakuja kwa baiskeli. Nikatoka.

Ijumaa mhandisi alikuja. Alikuwa kijana mzungu mwenye jasho, Kiswahili chake cha kujifunza, na haraka ya kuwahi Dar. Nilichapa orodha mbele yake, karatasi yenye matundu pembeni pande zote mbili, na hayo yalikuwa matundu halali. Aliipokea kwa heshima, akavuta rula, akahesabu mpaka arobaini akapiga mstari. Kisha akatusogelea.

"Hii imepangwa namna gani?" akauliza.

"Na kompyuta," mkuu akajibu.

Mhandisi akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mbele ya kioo. "Na kompyuta?"

Hapa ndipo pangu. Mengine yote nimewasimulia ya watu, hili ni langu. Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha. Nilikuwa na namba zote kichwani. Kijiji cha pili, kilomita moja. Cha sitini na moja, kilomita tisa. Ilitosha kuweka kidole kwenye mistari hiyo miwili asome mwenyewe. Mkuu alikuwa ananitazama. Niliona katoni za sabuni, niliona Land Rover ya polisi, niliona chumba changu cha Tangini kimefungwa kwa kufuli la watu wengine.

"Ndiyo," nikasema. "Na kompyuta."

Akatikisa kichwa kukubali, akakunja orodha, akaondoka.

Watu huniambia hadithi za enzi zile kwamba wezi walikuwa wengi. Labda. Katika hii yangu hapakuwa na mwizi hata mmoja, na ndiyo maana sijapata wa kumlaani nikatulia. Mzee alifuata utaratibu, mkuu alifuata utaratibu, mtaalamu alisema kweli kwamba si lazima, maana kwake yeye haikuwa lazima, kwao maji yanatoka ukutani. Angekuwapo mwizi ningekwisha msamehe zamani.

Wiki kadhaa baadaye malori yalipita na pampu na mabomba yake. Nilikwenda kwa mama Jumapili, kwa lori mpaka Kisarawe mjini, na kutoka hapo lori tena na miguu. Jua lilikuwa kali na njia nzima sikukuta pa kunywa. Pale pa mawe palikuwa bado pamefagiliwa. Mtu alikuwa amepita asubuhi ile ile, milia ya ufagio ilionekana kwenye mchanga.

Mama alikuwa amekaa barazani, miguu ameinyoosha, na kwa vumbi lililokuwa miguuni nilijua amerudi muda si mrefu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tumesikia malori yamekwenda kwingine."

Nilimweleza. Nilimweleza yote, disketi, faili, matundu, mkuu, mpaka mhandisi, na mpaka lile neno langu la ndiyo. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi za mbali. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Tangu mwanzo, aliyekuwa anaandika ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ungetuandika mwanzo, mwanangu."

"Ungekuwa wizi, mama. Jina la kijiji lilitakiwa lifuate faili."

Aliingia ndani, nikasikia kata ikigonga mtungi karibu na chini, akarudi na kikombe cha bati kimejaa mpaka ukingoni, amekishika kwa mikono miwili kisimwagike.

"Kunywa," akasema. "Umetoka mbali."

Nilikuwa na kiu. Nikayanywa yote.